Uchungu wa mwana: kumsoma Toni Morrison barazani kwa mama yangu

Mama yangu alikuwa akichambua mchele kwenye ungo nilipofika mahali pa msumeno. Kwa siku nne mfululizo, kila baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nikimsimulia riwaya ya Toni Morrison, mwandishi wa Marekani, iitwayo Beloved, barazani kwake Pangani, kwa sababu yeye hasomi Kiingereza na mtoto wa jicho amemwacha akisoma hata Kiswahili kwa shida. Nilimsimulia kwa mpangilio wangu mwenyewe, maana riwaya ile haina mstari ulionyooka. Inaligusa jambo na kulikimbia, kisha inalirudia kurasa nyingi baadaye, kama mtu anayezunguka nyumba asithubutu kubisha hodi. Siku ya nne nikafika kwenye banda la kuni. Sethe, mama wa watoto wanne aliyetoroka utumwani Kentucky, anawaona wakamataji wa watoro wakiingia uani kwa mama mkwe wake pamoja na bwana wake wa zamani. Anawazoa wanawe wote wanne, anawaingiza bandani, na bintiye aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa anamkata koo kwa msumeno ili asirudishwe kule walikotoka.

Mikono ya mama ikasimama juu ya ungo. Nilitazamia astaghfirullah, nilitazamia aniulize mama gani huyo. Akaniuliza, "Na yule mchanga, alinyonya?"

Mama alizalisha wanawake wa mtaa wetu kwa zaidi ya miaka 30, na anajua jambo ambalo wasomaji wengi hatulifikirii tukiwa tumeduwaa mbele ya damu, kwamba titi halisubiri msiba upite. Sethe alikuwa amejifungua mwezi mmoja tu kabla, na maziwa yake yangejaa siku ile kama siku nyingine yoyote. Nikamjibu kwamba alinyonya. Mama mkwe alijaribu kumzuia Sethe asimnyonyeshe akiwa bado amelowa damu, lakini hakufaulu, na kichanga Denver akameza maziwa ya mama yake pamoja na damu ya dada yake. Mama akauweka ungo chini, akanyamaza mpaka muadhini wa magharibi.

Nimesoma makala nyingi za wahakiki juu ya riwaya hii, na karibu zote zinalizunguka swali moja, kama Sethe alikuwa na haki ya kufanya alichofanya. Sikumbuki kusoma yoyote iliyoanzia kwenye swali la mama. Tangu jioni ile nimeamini kuwa la kwake ndilo lililo karibu zaidi na kiini cha kitabu, kwa kuwa linamwendea yule aliyebaki hai na kutaka kujua alilishwa nini.

Kisa chenyewe hakikuzuliwa. Usiku mmoja mwishoni mwa Januari 1856, Margaret Garner, mwanamke mtumwa kutoka kaunti ya Boone huko Kentucky, alivuka mto Ohio ulioganda barafu akiwa na mumewe, wakwe zake na watoto wanne, wakafika Cincinnati, mji wa jimbo lisiloruhusu utumwa. Sheria ya Watumwa Watoro ya mwaka 1850 ilimpa bwana haki ya kumfuata mtoro hata huko. Nyumba waliyojificha ilipozingirwa, Margaret alichukua kisu akamuua bintiye wa miaka miwili, na angewaua wengine kama asingeshikwa. Kilichofuata mahakamani kinatisha kwa namna yake. Waliompigania walitaka ashtakiwe kwa mauaji, kwa sababu kumshtaki kwa mauaji kungekuwa kukiri kwamba yeye ni mtu na kwamba aliyekufa alikuwa mwanawe. Upande wa bwana ulitaka ahesabiwe mali iliyopotea ambayo sasa imepatikana, na upande huo ukashinda. Alirudishwa Kentucky, akasafirishwa kusini kwa meli, meli ikagongana na nyingine mtoni, na binti yake mchanga akafa maji. Margaret mwenyewe alikufa mwaka 1858 huko Mississippi kwa homa ya matumbo. Morrison alikutana na habari zake katika kipande cha gazeti alipokuwa mhariri wa vitabu huko New York, wakati wa kuandaa mkusanyo wa kumbukumbu za maisha ya Wamarekani Weusi uliotoka mwaka 1974. Riwaya ikatoka mwaka 1987, ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, na mwaka 1993 mwandishi akapewa Nobeli.

Ili kuelewa kwa nini mama afikie kuua, inabidi kurudi nyuma karibu miaka 200, kwenye sheria fupi sana. Mwaka 1656, katika koloni la Virginia, mwanamke aitwaye Elizabeth Key alidai uhuru wake mahakamani kwa hoja kwamba baba yake alikuwa Mwingereza huru, na kwa desturi ya Kiingereza mtoto hufuata kwa baba. Akashinda. Miaka 6 baadaye, mwaka 1662, baraza la Virginia likapitisha kwamba mtoto atakayezaliwa katika koloni lile atakuwa mtumwa au huru kwa kufuata hali ya mama yake. Tangu siku ile tumbo la mwanamke mtumwa likawa kiwanda cha bwana, na bwana aliyemwingilia kwa nguvu hakupata fedheha ya mwana haramu bali nyongeza ya mali. Marekani ilipopiga marufuku kuingiza watumwa kutoka ng'ambo mwaka 1808, kiwanda hicho kikazidi kuwa na thamani. Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa tatu wa nchi ile na mmiliki wa mamia ya watu, aliandika katika barua ya mwaka 1820 kwamba mwanamke anayezaa kila baada ya miaka miwili ana faida kuliko mwanamume hodari kupita wote shambani. Nilipomtafsiria mama maneno hayo alisema tu, "Amehesabu mpaka miezi ya kunyonyesha."

Katika mazingira hayo, mama kumpenda mtoto wake kulikuwa sawa na kushika kitu cha mtu bila ruhusa. Morrison analijua hilo na analiweka mdomoni mwa Paul D, mwanamume aliyekuwa mtumwa pamoja na Sethe, ambaye amejizoeza kupenda vitu vidogo tu, vya kiasi, ili siku vikichukuliwa asivunjike. Yeye anamwona Sethe kuwa amevuka mpaka, na anamwambia kwamba mapenzi yake ni mazito mno. Sethe kwa upande wake hajui mapenzi mepesi ni kitu gani. Anachojua ni kwamba kwa siku 28 tangu avuke mto, hadi asubuhi ile wakamataji walipoingia uani juu ya farasi wanne, aliwapenda wanawe bila kumwomba mtu ruhusa, na siku hizo 28 ndizo zilizomfanya asiweze kurudi.

Kabla ya banda kulikuwa na wizi. Bwana mpya wa shamba, anayeitwa tu Mwalimu, yuleyule atakayekuja na wakamataji, ni mtu wa madaftari. Anawafundisha wapwa zake kuorodhesha sifa za watumwa katika safu mbili, za kibinadamu upande mmoja na za kinyama upande wa pili, na wino wanaoandikia umetengenezwa na Sethe mwenyewe. Siku moja wapwa hao wanamkamata Sethe akiwa mjamzito na wanamnyonya maziwa aliyoyaweka kwa ajili ya mtoto aliyekwisha kumtanguliza Cincinnati, huku Mwalimu akiandika. Sethe anapomwambia bibi wa nyumba, wanamchapa mpaka mgongo unapasuka, na makovu yake yanakua mfano wa mti wenye matawi. Miaka 18 baadaye anamsimulia Paul D, na hapa pana mazungumzo ambayo nimeyarudia mara nyingi kuliko ukurasa wowote wa kitabu kile. Paul D anashtushwa na kiboko, kwamba walimchapa akiwa na mimba. Sethe anarudi kwenye maziwa. Paul D anarudia kiboko, na Sethe anarudia maziwa. Wanazungumza habari moja, lakini kila mmoja anaona jeraha lake, na mwanamume huyo mwema, anayempenda kwa dhati, hasikii anachoambiwa.

Sisi tunasema titi la mama li tamu, lingawa la mbwa. Methali hiyo huitumia zaidi wanaosifu lugha yao, lakini kabla ya lugha ilikuwa ni maziwa, na maziwa ni kitu pekee ambacho Sethe aliamini kuwa ni chake, akimpa anayemtaka. Yeye mwenyewe hakuyapata. Mama yake mzazi alikuwa mtu wa kondeni, aliyemwona mara chache kwa mbali akiwa ameinama mistarini. Aliyemnyonyesha ni mwanamke aitwaye Nan, aliyepewa kazi ya kunyonyesha watoto wa Wazungu kwanza, na mtoto mweusi akangojea kilichobaki, kama kilibaki. Mtu aliyekulia kwenye masalio ya titi akivuka mto usiku, akiwa anachuruzika damu, ili tu ayafikishe maziwa kwa mwanawe, kwangu mimi haihitajiki nadharia ya saikolojia kumwelewa.

Mama yule wa kondeni alimfanyia bintiye jambo moja. Siku moja alimchukua nyuma ya banda, akafunua nguo, akamwonyesha alama aliyochomwa chini ya titi, duara lenye msalaba ndani yake, akamwambia kwamba hata kama uso hautatambulika, atamjua kwa alama hii. Mtoto akajibu kwa akili ya kitoto: nami nitie alama, ili nawe unijue. Mama akamzaba kofi. Sethe hakuelewa kofi lile mpaka alipokuja kuwa na alama yake mwenyewe. Mama yake alipokuja kunyongwa na kuteremshwa kwenye kamba, mwili ulikuwa umeharibika kiasi kwamba hapakuwa na wa kusema kama duara na msalaba vilikuwepo au la.

Hapa naomba niseme habari ya nyumbani, maana ndiyo iliyonifanya nisimulie riwaya hii barazani badala ya kuiacha kabatini.

Kwetu kuna karatasi ya nasaba, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu na kuwekwa kwenye sanduku la mvule, na ina majina ya wanaume saba waliozaana mmoja baada ya mwingine. Bibi yangu mzaa mama ni binti wa mwanamume wa mwisho kwenye karatasi hiyo, mwenye shamba la miwa na minazi katika bonde la mto Pangani. Mama yake bibi hayumo. Alikuwa suria. Aliletwa pwani akiwa mdogo, akapewa jina Zafarani, na alipozaa na bwana mtoto wake akazaliwa huru, kwa kuwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa sheria ya Kiislamu iliyofuatwa huku: mtoto wa bwana kwa suria humfuata baba, na mama aliyemzalia bwana haruhusiwi kuuzwa, na bwana akifa yeye huwa huru. Nimewasikia watu wa pwani wakilitaja jambo hili kwa fahari, kama hoja kwamba utumwa wa huku ulikuwa na huruma kuliko wa Marekani. Siwezi kukubaliana nao. Ni kweli kwamba kule Virginia mtoto alimfuata mama kwenye minyororo, na huku alimfuata baba akatoka, lakini huku mama aliachwa nyuma peke yake. Mtoto alikua na nasaba yenye vizazi saba, na aliyemzaa akabaki bila kwao. Hata sheria za kukomesha utumwa zilimruka. Amri ya Zanzibar ya mwaka 1897 iliwaruhusu watumwa kudai uhuru lakini ikawaacha masuria, kwa sababu walihesabiwa kuwa mfano wa wake, na wao wakangoja hadi mwaka 1909.

Mambo haya hayafanani, na sitaki kuyafananisha kwa nguvu. Lakini ninaposoma kwamba riwaya ya Morrison inaanza mwaka 1873, mwaka uleule ambao Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, najua kwamba wanawake wa umri wa Sethe walikuwepo pande zote mbili za dunia, wakinyonyesha. Kisa cha mmoja wa pande hizi kimehifadhiwa. Swema alikuwa mtoto wa Kiyao aliyeuzwa kwa deni, na mama yake akaomba kuandamana na msafara ili asitengane naye. Nguvu zilipomwishia njiani, akaachwa nyuma porini na mtoto akasukumwa mbele. Swema alifika Unguja akiwa taabani, akafukiwa akidhaniwa maiti, akaokolewa, na mwishowe akatunzwa na wamisionari Wakatoliki wa Kifaransa, ambao ndio walioiandika habari yake. Naishukuru kalamu yao. Hata hivyo kisa kiliandikwa ili kuonyesha rehema ya Mungu kwa aliyeokolewa, na mama aliyebaki porini anatoka kwenye simulizi mara tu msafara unapopinda. Hapo ndipo riwaya inapofanya kazi ambayo kumbukumbu za kanisa au za serikali hazikuweza kuifanya, kwa kuwa mwandishi wa riwaya anaweza kubaki na yule aliyeachwa.

Morrison anabaki naye, na anabaki pia na Baby Suggs, mama mkwe wa Sethe, aliyezaa watoto 8 kwa wanaume 6 na kunyang'anywa karibu wote. Alipata kuwa na Halle tu, ambaye aliununua uhuru wa mama yake kwa kufanya kazi kila Jumapili. Katika hao wengine, kuhusu mzaliwa wake wa kwanza anakumbuka kitu kimoja, kwamba alipenda ukoko wa mkate, sehemu ya chini iliyoungua. Baada ya hapo, anasema, hakujisumbua kuwatazama sana wachanga wake, kwa sababu hakuona haja ya kujifunza sura ambazo hatazikuta zikiwa za utu uzima. Sijui sentensi ya historia inayoweza kufanya kazi ya ukoko ule.

Kuna riwaya nyingine ambayo naona ni dada wa hii, Corregidora ya Gayl Jones, iliyotoka mwaka 1975, na Morrison mwenyewe ndiye aliyeihariri. Ursa ni mwimbaji wa blues huko Kentucky, na amelelewa na wanawake waliotokana na bwana mmoja Mreno wa Brazil, aliyezaa na mama wa bibi yake, kisha akazaa na binti aliyempata kwake. Brazil ilipitisha Sheria ya Tumbo Huru mwaka 1871, iliyosema kwamba watakaozaliwa na mama watumwa watakuwa huru huku mama zao wakibaki walivyo, na ikafuta utumwa kabisa mwaka 1888; miaka miwili tu baadaye serikali ikaagiza nyaraka za utumwa zichomwe. Wanawake wa ukoo wa Ursa wana jibu lao kwa moto huo. Zaeni, wanawaambia binti zao, zaeni vizazi, ili kila kizazi kiwe shahidi wa kile ambacho karatasi hazitakisema. Kwa hiyo mtoto anazaliwa akiwa na kazi ya kuwa ushahidi. Halafu mumewe Ursa anamwangusha ngazini, mimba inatoka, na kizazi kinaondolewa. Riwaya nzima ni ya mwanamke anayejiuliza yeye ni nani ikiwa hawezi kuwa daftari. Nikiziweka pamoja hizi mbili, naona kiwewe kilichobadilisha sura tu. Bwana alilitumia tumbo kwa hesabu yake, na walionusurika, kwa uchungu unaoeleweka kabisa, wakalitumia kwa hesabu ya kumbukumbu, na mtoto akabaki bila siku ya kuwa mtoto tu.

Kiswahili kina neno moja kwa maumivu ya kuzaa na kwa huzuni isiyomezeka. Tunaposema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunayasema yote mawili kwa pumzi moja. Neno jingine lililonijia kila mara nikisimulia ni kizuka. Kwetu kizuka ni mwanamke aliyefiwa na mume akakaa eda, amejifungia, hatoki wala hajipambi, na kizuka ni mzimu pia, kiumbe kinachotokea mahali kisipotarajiwa. Nyumba anamoishi Sethe, namba 124 ya barabara ya Bluestone, ina vizuka vya maana zote mbili. Sethe amekaa eda ya miaka 18 ambayo hakuna aliyempangia siku ya kuivunja, na mtoto wake aliyekufa anarudi kwa umbo la msichana mwenye ngozi laini isiyo na mikunjo, mwenye kiu isiyokatika, asiyeshiba vitu vitamu. Mwanzoni Sethe anafurahi. Anaacha kwenda kazini, anampa chakula chake, anampa visa vyake, anaeleza na kueleza kwa nini alimuua, na kadiri anavyoeleza ndivyo yeye anavyokonda na yule mgeni kunenepa. Sijawahi kuona hatia ya mzazi ikionyeshwa kwa mwili namna ile.

Mama alinikatiza hapo kuniuliza Denver alikuwa wapi. Sikushangaa tena.

Denver ndiye mtu niliyempuuza niliposoma riwaya hii mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi. Nilimwona msichana mwenye kinyongo, anayesikiliza mlangoni. Sasa naona kuwa ndiye anayebeba swali lote. Alipokuwa na miaka 7 alikuwa akienda kusoma kwa mwanamke wa jirani, na mtoto mwenzake akamuuliza kama ni kweli mama yake alifungwa kwa kuua. Alipolifikisha swali nyumbani, masikio yake yakaziba kwa miaka miwili, kuliko kusikia jibu. Aliishi akimpenda mama yake na kuogopa kitu kilichomo ndani ya mama yake ambacho kinaweza kutoka tena. Hiki ndicho ninachokiita kiwewe kinachorithiwa. Denver hakuwahi kutumikishwa utumwani, alizaliwa ndani ya mtumbwi uliotoboka kando ya mto wa uhuru, na bado amelishwa ile damu.

Anayeivunja eda ni yeye. Chakula kikiisha, huku mama na mzimu wakiwa wamefungana kama watu wawili wenye homa moja, Denver anasimama ukingoni mwa baraza na kushindwa kushuka, kwa kuwa hajawahi kutoka uani peke yake kwa miaka 12. Kisha anashuka. Anakwenda kwa yule mwanamke aliyemfundisha kusoma kuomba kazi, na hasemi zaidi ya kwamba mama yake hajisikii vizuri. Siku zinazofuata anakuta vyakula vimewekwa kwenye kisiki mwisho wa ua, gunia la maharage, mayai, sahani iliyofunikwa, na baadhi vina kipande cha karatasi chenye jina la aliyeleta, ili sahani irudishwe. Anakwenda kurudisha sahani nyumba hadi nyumba, na kila anayempokea sahani anamwambia kitu alichokumbuka juu ya nyumba yao ilipokuwa bado na furaha. Anayeishi uswahilini anaijua kazi ya sahani ya jirani, kwamba hairudi tupu wala hairudi bila maneno.

Mwishoni wanawake 30 wanakwenda hadi mbele ya nyumba na kupaza sauti. Anayewaongoza ni Ella, ambaye hakumhurumia Sethe kwa miaka yote ile. Ella naye alizaa, baada ya kufungiwa ndani na baba na mwanawe waliomtumia kwa zamu, akakataa kukipa titi kiumbe kile, nacho kikaishi siku 5. Morrison halitamki kwa sauti kubwa, lakini ameliweka pale tulione: mwanamke aliyemnyima mtoto maziwa ndiye anayekuja kumwokoa mwanamke aliyeua kwa ajili ya kunyonyesha. Nilipomaliza sehemu hiyo mama alisema aliwahi kumshika mkono mzazi mmoja aliyegeuza uso ukutani asimwangalie mtoto, na kwamba hakuwahi kumuuliza sababu, kwa sababu aliijua.

Wapo wanaomfanya Sethe shujaa, kwamba aliwanyima mabwana mali yao. Wapo wanaomfanya mhalifu. Baby Suggs, aliyekuwepo uani, alishindwa kumsifu na akashindwa kumlaani, akapanda kitandani na kuanza kutafakari rangi, buluu, manjano, mpaka akafa. Namwamini yeye kuliko wahakiki. Na Paul D, alipoambiwa ukweli kwa mara ya kwanza, alimwambia Sethe kwamba ana miguu miwili, si minne. Ndiyo sentensi katili kuliko zote kitabuni, kwa sababu bila kukusudia imeshika kalamu ya Mwalimu na kumwandika kwenye safu ya wanyama. Inamchukua karibu riwaya yote iliyobaki kurudi kuketi kando ya kitanda chake na kutaka kumwosha.

Siku ya sita nilifikia mwisho. Mzimu umeondoka, watu wanaanza kuusahau. Mama alikuwa na ungo wake kama kawaida, nikadhani ameridhika. Akaniuliza jina la yule mtoto. Nikamwambia kwamba Beloved, yaani mpendwa, ni neno lililochongwa kwenye kaburi, na Sethe alimlipa mchongaji kwa mwili wake, dakika 10, kwa kuwa hakuwa na fedha. Akasema hilo amelisikia, anauliza jina ambalo mama yake alimwita akiwa hai, akimwogesha. Nikamwambia kitabu hakilitaji popote.

Akakaa kimya. Halafu akaanza kunieleza habari ambayo nilikuwa naijua nusu. Zafarani alifariki mwaka 1961, na mama, akiwa na miaka 15, aliitwa kushika birika wakati wa kumwosha. Nilichokuwa nikikijua ni kwamba bibi yule alikuwa na chale mgongoni, na kwamba hapakuwa na mtu nyumbani aliyeweza kusema ni za kabila gani. Hakuziacha zionekane maishani mwake. Mwoshaji mkubwa alipomgeuza ubavu alizitazama, akasema, "Hizi za kwao," akaendelea kumwagia maji. Bibi yangu, binti yake wa pekee, alikuwa amesimama hapo, na ndiyo siku aliyoziona kwa mara ya kwanza.

"Nilizihesabu," mama akasema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Akausawazisha mchele kwenye ungo kwa kiganja mpaka ukawa tambarare, akaanza kuchora kwa kidole. Mistari mitatu mifupi, nafasi, mitatu tena, ikishuka kutoka begani kuelekea kiunoni. Upande wa kushoto alikosea, akafuta, akafumba macho kidogo, akachora upya. Ilikuwa mistari 18. Nikaenda ndani kutafuta kalamu, na niliporudi alikuwa ameushika ungo kwa mikono miwili, hautikisi.